Ijumaa idara ikifungwa, ufunguo anabaki nao nani?

Mimi ni sekretari wa idara ya baiolojia kwenye chuo kimoja cha umma hapa Dar, mwaka huu natimiza miaka 14 kwenye kiti kilekile. Wakuu wa idara watano nimewapokea na kuwaaga, na kuna mitihani niliichapa mimi ambayo walioifanya leo nao ni wahadhiri humuhumu ndani. Nasema haya mapema mjue naongelea wapi, maana hii habari ya kufanya kazi siku nne kwa wiki nimeisoma sana na karibu wote wanaoiandika ni mameneja au maprofesa, bado sijamsikia mtu ambaye kazi yake ni kufungua mlango saa 1:30 asubuhi.

Sisi tulijaribu. Sio chuo kizima, idara yetu tu, likizo ndefu moja na semista moja. Na mpaka leo mtu akiniuliza kama nataka wiki fupi namjibu nataka, tena sana, ila kuna mambo nimeyaona kwa macho yangu ambayo kwenye ule waraka wa kwanza hayakuwepo.

Ilianza na dokta wetu mmoja kuanguka darasani. Alikuwa na kozi tatu, mojawapo ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 180, anasimamia watu sita wa masta, na usiku anasahihisha. Presha. Alilazwa siku nne akarudi, lakini siku ile tuliyombeba kumtoa ukumbini mkuu wa idara alikuja akakaa kwenye kiti cha wageni pale ofisini kwangu, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema dada, hapa tutazikana. Wiki iliyofuata akaniletea waraka nimchapie, kurasa nne za mwandiko wa mkono, kichwa chake Pendekezo la Wiki Fupi ya Kazi.

Mimi nikichapa kitu huwa nakisoma, sichapi tu. Waraka ulikuwa na mifano mizuri, Iceland walijaribu kati ya 2015 na 2019, wafanyakazi kama 2,500, saa zikashuka kutoka 40 kwa wiki mpaka 35 au 36 na mshahara haukuguswa. Uingereza mwaka 2022 kampuni 61 zenye watu kama 2,900 zilijaribu kwa miezi sita na 56 kati yao zikaamua kuendelea. Falme za Kiarabu tangu Januari 2022 serikali yao inafanya kazi siku nne na nusu, Ijumaa mchana watu wanatoka wanaenda swala, na Sharjah, mojawapo ya falme hizo, ndio wakaipumzisha Ijumaa nzima, na huu mfano ndio uliofanya wengi pale kwetu waseme basi na sisi iwe Ijumaa. Halafu kwenye aya hiyohiyo mkuu akaweka Ubelgiji, akaweka na jimbo la Utah kule Marekani walioanza siku nne mwaka 2008 wakaacha 2011. Hapo nikasita. Ubelgiji na Utah hawakupunguza saa, walizibana, yaani saa ni zilezile ila unazimaliza kwa siku nne, Utah ilikuwa saa kumi kwa siku. Hiyo na ya Iceland ni habari mbili tofauti kabisa, na kwenye waraka zilikuwa zimewekwa pamoja kama vile ni kitu kimoja.

Nikachukua karatasi nikapiga hesabu yangu ya Chanika, ninakoishi. Sisi watumishi tunaingia saa 1:30 tunatoka saa 9:30, saa nane kwa siku, 40 kwa wiki. Ukizibana kwa siku nne ni saa kumi, maana yake natoka saa 11:30 jioni, muda ambao barabara yote imesimama, napanda gari mpaka Gongo la Mboto, nashuka naunganisha, nafika nyumbani saa 2:30 au saa 3 usiku. Alfajiri saa 10 nimeshaamka. Nina mtoto wa darasa la nne, siku nne kwa wiki angekuwa ananiona nimelala au ananiona natoka. Mhadhiri hiyo hesabu hana, sio kwamba hafanyi kazi, anafanya sana na nimewaona, lakini yeye akimaliza kipindi saa 6 anaweza kwenda kusahihishia kwake, hakuna daftari la kusaini. Sisi tunasaini.

Nikamfuata mkuu ofisini kwake. Nikamwambia dokta, nimechapa, ila naomba unisaidie, hii ni kupunguza saa au ni kubana saa? Akachukua ile karatasi akaisoma tena, akaniangalia, akasema kweli, hata mimi sikuwa nimeitenganisha. Huyu mkuu namheshimu kwa hilo, kuna wengine wangenijibu we chapa tu.

Kikaoni mambo yakawa mengi. Mmoja alileta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwamba wiki isizidi saa 45 na siku isizidi saa 9, ila ipo ruhusa ya kukubaliana kwa maandishi mkabana wiki, mtu akafika hata saa 12 kwa siku bila kulipwa ovataimu, mradi asizidi siku tano wala saa 45. Kwa hiyo kisheria mlango upo. Prof wetu mmoja wa zamani akasema sawa, lakini mwanafunzi naye ana saa zake, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanahesabu krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kozi ya krediti 12 ni saa 120, hizo huzipunguzi kwa kufunga mlango Ijumaa, zitaenda kulala mahali pengine. Hilo neno la zitaenda kulala mahali pengine niliandika kwenye muhtasari lilivyo, na ndilo lililokuja kutokea.

Tukakubaliana hivi: likizo ndefu Ijumaa ofisi inafungwa na saa haziongezwi. Semista ikianza Ijumaa inafungwa bado, ila Jumatatu mpaka Alhamisi tunatoka saa 10:30 badala ya 9:30, inakuwa saa 36. Rasi wa ndaki, yaani bosi wa idara zote za kundi letu, akakubali tujaribu. Mafundi wa maabara hawakuwepo kwenye kile kikao, hawaalikwagi, na mimi nilikuwepo kama mwandishi, mwandishi hana kura.

Likizo ilikuwa raha, sitadanganya. Ijumaa ya kwanza nililala mpaka saa 2 asubuhi, nikaamka nikafua, mchana nikapika pilau siku isiyo ya sikukuu. Ijumaa ya pili nikampeleka mama yangu kliniki ya sukari bila kuomba ruhusa kwa mtu, miaka yote namwombea ruhusa, unaandika barua, unasubiri, unaenda roho iko ofisini. Nauli yenyewe kwa siku ni kama elfu tatu kwenda na kurudi, kwa mwezi ni kilo kadhaa za mchele. Na kazi hazikulala, Alhamisi tulikuwa tunachapa mwendo kweli kwa sababu unajua kesho haupo. Ningeambiwa nipige kura mwezi ule ningepiga mikono miwili.

Semista ikaanza Novemba.

Maabara yetu inakaa wanafunzi 30. Mwaka wa kwanza 180, makundi sita, mwaka wa pili na wa tatu makundi manne, jumla kumi. Kwa siku yanaingia makundi mawili, moja asubuhi moja mchana, siku tano makundi kumi, imetosha kabisa kama kifuniko na chungu chake. Toa Ijumaa, unabaki na nafasi nane. Makundi mawili hayana pa kwenda. Hii hesabu ni ya darasa la tatu lakini hakuna aliyeipiga, kwa sababu wanaoijua ni wale mafundi ambao hawakualikwa. Basi yale makundi mawili yakasukumwa saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku, na mabinti wanaokaa mtaani wakawa wanatoka maabara usiku kwenda kutafuta bodaboda, mmoja alikuja kwangu akaniambia mama, naogopa ile njia ya nyuma ya hosteli, na mimi sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumpigia mkuu simu.

Tuna fundi mkubwa wa maabara, mzee wa watu, amebakiza miaka miwili astaafu, anatokea Kibaha. Jumatatu moja nilikuwa getini naongea na mlinzi, macho yakaangukia daftari la kuingia, nikaona jina la mzee Ijumaa. Nikarudi ukurasa wa nyuma, Ijumaa nyingine yumo. Wiki sita mfululizo, hakukosa hata moja. Nikamfuata maabara nikamuuliza, shikamoo mzee, Ijumaa unakuja kufanya nini na tumefunga? Akanichukua akanionyesha.

Alhamisi mchana mwaka wa pili wanaotesha bakteria. Kila mmoja anapewa sahani yake yenye aga, ile kama jeli ya rangi ya uji mwepesi, anachukua waya wenye kitanzi, anaupitisha kwenye moto, anachovya, anachora mistari ya kwenda na kurudi. Zinaingia kwenye inkubeta, lile kabati la joto, nyuzi 37 kwa saa 24 hivi, zikitoka unaona vidoto vimejitenga kimoja kimoja unaweza kuvihesabu. Saa 24 baada ya Alhamisi mchana ni Ijumaa mchana. Ukiziacha mpaka Jumatatu vile vidoto vimekua vimeungana, sahani nzima imekuwa utando mmoja, hakuna cha kuhesabu, mwanafunzi amepoteza praktikali na aga imeenda bure na aga tunaagiza kwa tabu. Kwa hiyo mzee alikuwa anatoka Kibaha Ijumaa mchana kuja kuzitoa sahani 30 kuziweka kwenye friji, halafu anarudi. Bila posho, bila mtu kujua, na nauli yake. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema mwanangu, niseme wapi, kikao sikai, na hawa wadudu hawasubiri muhtasari. Alikuwa amenishikia sahani moja kwenye mwanga wa dirisha anisaidie kuona, mikono yake ina alama za asidi za miaka mingi. Nilirudi mezani kwangu nikakaa na lile waraka nililolichapa mwenyewe, ukurasa wa tatu umeandikwa watumishi wote wa idara watanufaika.

Na kuna kijana wa Sumbawanga. Huyu alishamaliza kwetu, alikuwa anaomba skolashipu, anahitaji barua ya idara yenye mhuri inayothibitisha kozi alizosoma, na mwisho wa kutuma maombi ni Jumatatu usiku. Akapanda basi, amefika stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis alfajiri ya Ijumaa, saa 3 asubuhi yupo mlangoni kwetu. Mlango umefungwa, namba iliyobandikwa ni ya simu ya mezani ambayo iko ndani inalia peke yake. Hana ndugu Dar. Alilala stendi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, begi ndio mto. Jumatatu saa 1:15 nafika nimemkuta amekaa kwenye ngazi, akasimama, shikamoo mama, samahani nimewahi. Shati alikuwa amelifua kwenye bomba la chooni stendi, kola bado ina unyevu. Ile barua ilinichukua dakika 20 kuchapa, kusainiwa na kugongwa mhuri. Dakika 20, na kijana wa watu amelala chini siku tatu. Usiku saa 3 akanitumia meseji kwamba ameshatuma maombi. Nilimwombea.

Baada ya hapo nikaamua kuhesabu. Nilinunua daftari la kurasa mia, nikaliweka pembeni ya kompyuta, kila anayegonga mlango napiga kistari na naandika neno moja amefuata nini. Wiki mbili. Zamani Jumatatu ilikuwa watu 30 mpaka 40 hivi, sasa Jumatatu moja nilipata 71, kwa sababu wa Ijumaa wote wamelala wameamka Jumatatu. Kwa hiyo ile Ijumaa yangu ya kupumzika nilikuwa nailipa Jumatatu yote, sijala mpaka saa 9, na midomo imekauka.

Lakini lile daftari ndilo lililotusaidia. Nilipokaa kuyapanga maneno niliyoandika, zaidi ya nusu yalikuwa mambo matatu tu. Maksi za testi zimetoka? Dokta fulani yupo? Naomba saini kwenye fomu. Yaani watu wanapanda ghorofa ya pili, wanasubiri, mimi naacha kazi nainuka, kwa kitu ambacho karatasi moja mlangoni ingejibu. Nikampelekea mkuu daftari lenyewe, sikuandika ripoti. Tukaanza kubandika maksi kila Jumatano kwa namba za usajili. Kila mhadhiri akaandika mlangoni kwake saa zake za kuonana na wanafunzi. Fomu za saini zikawa Jumanne na Alhamisi kati ya saa 4 na saa 6, unaiacha kwenye trei unaichukua mchana. Wiki ya tatu nikahesabu tena, Jumatatu ilikuwa 26.

Na vikao jamani. Kikao cha idara chetu kilikuwa kinachukua saa tatu nzima, saa ya kwanza yote inaliwa na yatokanayo, saa ya mwisho inaliwa na mengineyo, ajenda zenyewe zinabanwa hapo katikati watu wameshachoka. Mkuu akasema yatokanayo nitayaandika mimi na kuyasambaza kwenye grupu siku mbili kabla, asiye na swali hatusomi tena. Kikao kikawa kinachukua saa moja na nusu tu. Watu 19 wamekaa pungufu ya saa moja na nusu, piga mwenyewe ni saa ngapi hizo, na hatukufunga mlango wa mtu.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho kwenye mifano ya nje nilikipita tu wakati nachapa. Saa hazipunguzwi na kalenda. Kama kazi ni ileile na umetoa siku, kazi inamfuata mtu mwingine, kwetu ilimfuata mzee wa Kibaha, ikawafuata mabinti wa saa 2 usiku, ikamfuata kijana wa stendi, na wote hawa hakuna aliyekuwa kwenye kikao. Kwanza utoe kazi isiyo na maana ndipo utoe saa. Halafu idara ya chuo sio kama kiwanda chenye wiki zinazofanana, sisi tuna misimu, kuna wiki za katikati ya semista mambo yametulia, na kuna Februari ya mitihani ambapo natoka saa 2 usiku na hakuna cha siku nne wala cha siku tano, mitihani inachapwa, inahesabiwa, inafungwa kwenye bahasha, ukikosea idadi moja ni balaa. Kuahidi watu Ijumaa ya Februari ni kuwaongopea.

Semista ilipoisha tukakaa tena, na safari hii mafundi waliitwa. Mzee alikaa mwisho kabisa karibu na mlango na kofia yake mapajani. Alipopewa nafasi hakuongea dakika mbili. Alisema sahani hamishieni Jumatatu mpaka Jumatano, Alhamisi na Ijumaa wekeni hadubini na upasuaji wa panzi, hizo zinaisha siku hiyohiyo. Basi. Miezi mitatu ya mateso dawa yake ilikuwa sentensi moja ya mtu anayeijua kazi.

Tulipofika ni hivi. Ofisi haifungwi siku ya kazi. Likizo ndefu kila mmoja wetu anayesaini daftari ana siku yake moja kwa wiki, kwa zamu, yangu ni Ijumaa, ya fundi kijana ni Jumatatu. Semista ikiwa imetulia ni nusu siku. Mitihani hakuna, ila siku zilizoliwa zinaandikwa na unarudishiwa Machi. Makundi ya usiku yamerudi mchana. Wahadhiri wao wamekubaliana Jumatano haipangwi kikao wala haiitwi mtu, siku ya kuandika na kusahihisha, na yule dokta aliyeanguka nilimuona Jumatano moja saa 5 asubuhi anapita na mwanawe mkononi, sijawahi kumuona mchana na mtoto wake miaka yote. Kuna wahadhiri wawili watatu wananung'unika kwamba Ijumaa yao imeondoka kwa ajili ya masekretari na mafundi, wamenifikishia. Nawaelewa, lakini mimi naona kama saa za kupunguza ni chache, waanze wenye saa zinazohesabiwa na mshahara mdogo, hilo nitalisema popote.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Dada anayesafisha ofisi zetu na ile maabara sio mtumishi wa chuo, yuko chini ya kampuni ya usafi. Anakuja siku sita, Jumamosi anafagia peke yake jengo zima. Siku tunabandika ratiba ya zamu ubaoni alisimama na fagio anaisoma, ana kidole anashuka nacho jina kwa jina mpaka chini, akarudi juu akasoma tena. Halafu akaniuliza kwa upole tu, mama, na mimi siku yangu ni ipi? Nilimwambia ukweli kwamba hayumo. Nimeandika dokezo kwa mkuu, mkuu amelipeleka ndaki, ndaki wanasema mkataba wa kampuni unaisha Juni na hilo litaongelewa hapo. Nimeiweka kwenye kalenda ya mezani, Juni, kwa kalamu nyekundu. Kila Ijumaa ya zamu yangu nikiwa nyumbani Chanika, saa 4 hivi, najua yeye ndiye anayemfungulia fundi mlango wa ofisi yangu.